Aliyetukataza Mikono

Katika miaka yote niliyomjua, sikumbuki kumwona msimamizi wetu akikaa kitini mpaka chai ikaisha. Alikuwa mtu wa kusimama. Akija kukagua somo alisimama nyuma ya darasa karibu na dirisha, mikono ameifungia mgongoni, na baada ya dakika chache alihamia dirisha la pili. Ukiwa umegeukia ubao ulisikia viatu vyake vikienda na kurudi juu ya mbao, na kila vilipotulia ulijua kuna kitu amekiona. Tuliojifunza kazi kwake tuliambukizwa wasiwasi huo. Mpaka leo siwezi kufundisha nikiwa nimesimama mahali pamoja.

Tulikuwa watatu: mimi, Otieno na Wambui. Kila mmoja wetu alikuwa amefundisha shule za kawaida miaka miwili au mitatu, kisha tukachaguliwa kusomea ualimu wa viziwi. Siku hizo waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache sana, na watu wetu nyumbani walituonea fahari bila kuelewa tunasomea nini. Tulikaa chuoni mwaka mmoja. Mwaka wa pili tukapelekwa kufanya mazoezi katika shule ya bweni nje ya Nakuru, upande wa Njoro, kwenye majumba ya shamba lililokuwa la mzungu. Darasa langu lilikuwa zizi la farasi hapo zamani. Lilikuwa limepakwa chokaa na kuwekwa madirisha makubwa, lakini jua likiwaka harufu ya farasi ilitoka ukutani. Msimamizi, aliyeishi pale pale shuleni, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu yetu. Chuo kilitoa cheti au kilikizuia kwa alichoandika yeye katika daftari lake la jalada jeusi.

Alikuwa na neno moja alilolirudia kila siku: "Mdomo kwanza." Tulifunzwa kwamba mtoto kiziwi anaweza kusema akifundishwa vizuri, na kwamba akiachwa atumie mikono hatajisumbua kusema. Kwa hiyo mikono ilikatazwa darasani, kwa mtoto na kwa mwalimu. Watoto waliikalia. Sisi tulishika chaki mkono mmoja na kitabu mkono wa pili ili isituponyoke. Tuliwafundisha kwa vioo, kwa vipande vya karatasi vilivyopeperuka mbele ya midomo, kwa kuweka viganja vyao kooni mwetu wasikie sauti ikitetemeka. Wiki nzima ingeweza kwenda kwa "pa". Msimamizi mwenyewe hakuchoka. Nilimwona akipiga magoti mbele ya mtoto mmoja, akimwonyesha "ma" mara hamsini, jasho likimtoka, na mtoto alipoipata alisimama kama mtu aliyeshinda mbio, akatoka nje kuzunguka uwanja.

Alichukia huruma. Ukisema "maskini, mtoto huyu" alikukata pale pale: "Maskini kwa nini? Ana miguu, ana akili, ana tumbo linalotaka chakula. Wewe mfundishe." Wazazi walimwogopa. Mama mmoja kutoka Solai alimleta binti yake akiwa amemfunika kitambaa kichwani asionekane, na msimamizi alikivuta kitambaa mbele ya watu wote, akakikunja vizuri, akamrudishia yule mama. "Hiki ni chako," akamwambia. "Mtoto hana cha kuficha." Kisha huyo huyo, shule zikifungwa na wazazi wengine wasitokee kuchukua watoto wao, hakwenda kwao likizo. Alibaki na wale watoto wanane au kumi shambani, akapika, akafua, akawapeleka kuchuma maua ya pareto kwa jirani. Hayo hatukuambiwa na yeye. Tuliambiwa na mpishi.

Kati ya wazazi wote, aliyemtaabisha zaidi alikuwa Kalasinga mmoja mwenye gereji mjini Nakuru. Binti yake, Kuldip, alikuwa darasani kwangu, mwenye umri wa miaka minane, mwepesi kuliko wote. Kila Jumamosi baba alikuja na pikipiki, mikono ina grisi mpaka viwikoni, na kila Jumamosi aliuliza jambo lile lile.

"Mwalimu, mimi hapana taka mambo mingi. Yeye naita mimi baba. Mara moja tu, bas."

"Bado," msimamizi alimjibu. "Usimharakishe."

"Mimi naharakisha yeye? Mimi iko ngoja miaka nane!"

Tulimfundisha Kuldip neno hilo mihula miwili. Lilipotoka, halikutoka zuri; lilikuwa "papa" lenye pumzi nyingi. Msimamizi alisema hatungojei Jumamosi. Alitupakia mimi na mtoto kwenye gari la shule na kutupeleka gerejini katikati ya kazi, nyundo zikigonga, injini ikinguruma. Yule baba alipomwona binti yake mlangoni alipiga kelele: "Fundi yote, nyamaza! Zima hiyo!" Mafundi wakaacha nyundo. Gereji ikawa kimya kabisa. Kuldip akamtazama msimamizi, msimamizi akamwonyesha mdomo, na Kuldip akasema, "Papa."

Baba yake aligeukia ukuta, akauegemea kwa paji la uso, mabega yakitikisika. Fundi mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakafuata.

Naliandika hili mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya mtu adhani kazi yetu ile ilikuwa bure. Siwezi kusema hivyo. Nilikuwepo gerejini.

Lakini nilikuwepo pia bwenini. Jioni watoto waliporudi kutoka uwanjani, mikono yao ilifunguka. Walikuwa na maneno yao, waliyoyatunga wenyewe na kurithishana: mjini ni vidole viwili vikizunguka kama magurudumu, Keringet ni ngumi mbili zinazotetemeka kifuani kwa sababu ya baridi, na msimamizi mwenyewe ni mikono iliyofungwa nyuma ya mgongo. Walisimulia, walitaniana, waligombana, walicheka mpaka wakaanguka vitandani. Mtoto ambaye asubuhi alikuwa amehangaika na "pa" saa nzima, jioni alieleza wenzake jinsi ng'ombe wa babu yake alivyoingia kanisani. Nilisimama mlangoni nikiwatazama. Nilielewa kidogo tu, na nilipoelewa nilijihisi nimeiba. Niliwahi kumwuliza Kuldip kwa ishara mbovu nilizookota kwao kama alifurahi siku ile gerejini. Akanijibu polepole ili nipate: hakujua neno lile linasikikaje, alijua tu kwamba linamliza baba.

Jambo hili lilinikosesha utulivu. Otieno nilipomweleza alisema, "Sisi tunafundisha midomo, Salome. Watoto hatujaanza." Wambui alisema tumalize tulichotumwa, tukipata cheti ndipo tubishane. Na mimi nilikuwa kati yao, leo naamini huyu, kesho yule.

Siku ninayotaka kuisimulia msimamizi alikuwa amekuja kukagua somo langu la mwisho la muhula. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimemsimamisha Kipngeno mbele ya kioo, mtoto wa miaka tisa kutoka Keringet, na alikuwa amesema "mama" wazi kiasi kwamba msimamizi, nyuma dirishani, alitikisa kichwa kwa furaha na mtoto akamwona. Ndipo mlango ulipofunguliwa. Alikuwa baba yake Kipngeno, mzee mrefu mwenye koti la mvua, kofia mkononi.

"Nimekuja kwa kijana yangu," alisema. "Mama yake ametuacha. Ameugua siku nyingi. Tumemzika Jumamosi. Nimekuja kumwambia."

Msimamizi alinitazama. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa darasa. Tukamtoa Kipngeno barazani, sisi wanne, na wengine nikawapa picha za kupaka rangi.

Mzee alijaribu kwanza. Aliinama, akamshika mtoto mabega, akasema kwa sauti kubwa, taratibu, kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili: "Mama hayuko tena. Amekufa." Kipngeno alimtazama mdomo, akanitazama mimi. Nikapiga magoti mbele yake jinsi nilivyofundishwa, uso wangu kwenye mwanga.

"Mama," nikasema. "Mama amekufa."

Uso wake ukang'aa. Lilikuwa neno lake bora kuliko yote. "Mama!" akasema kwa nguvu. Akamgeukia msimamizi aone kama ameridhika, kisha akamgeukia baba yake ili naye asikie kazi ya muhula mzima. "Mama! Mama!"

Mzee aliachia mabega ya mtoto. Mimi nilirudia tena, na Kipngeno akarudia tena, akicheka.

Msimamizi akaniwekea mkono begani na kunisogeza kando. Alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa. Kisha akaitoa mikono yake mbele na kuanza kuongea nayo.

Sijui niieleze vipi. Sikuwa nimewahi kuiona ikifanya hivyo. Haikuwa mikono ya mtu anayetafuta maneno. Ilikwenda upesi, ikapungua, ikasimama, na uso wake wote ulikwenda nayo, uso ule tuliodhani ni wa mbao. Alisema mama. Alisema ugonjwa, siku nyingi, kitandani. Kisha akageuza kiganja taratibu kikatazama juu, akakilaza juu ya ardhi.

Kipngeno aliacha kucheka. Alikitazama kile kiganja. Akauliza kwa mikono yake midogo, na msimamizi akamwambia mzee bila kuondoa macho kwa mtoto: "Anauliza ni lini."

"Mwambie alikufa Jumatano."

Akamwambia.

"Anauliza kwa nini hukuja kumchukua azike."

Mzee alikuwa akizungusha kofia mkononi. "Mwambie barabara ilikuwa matope tupu, gari hazikupanda. Mwambie... mwambie nilifikiri hataelewa."

Akamwambia hata hilo. Mtoto akajibu kwa muda mrefu.

"Anasema angeelewa. Anasema mama alipokuwa akikohoa, yeye ndiye aliyekuwa akimwekea kuni jikoni, alimwona anakonda. Anauliza sasa ndama wake anakunywa maziwa kwa nani."

Yule mzee alikaa chini palepale barazani na koti lake. "Kumbe ana maneno," alisema. "Miaka yote hii. Kumbe huyu mtoto ana maneno."

Walikaa hapo wakizungumza mpaka kengele ya chakula ikalia, baba na mwana, naye msimamizi magotini katikati yao akipitisha maneno huku na huku. Wakati fulani Kipngeno alilia, na mzee akamfunika kwa koti. Msimamizi alipoinuka magoti yake yalikuwa na matope. Aliyapangusa, akairudisha mikono mgongoni, akaenda ofisini.

Nilidhani kila kitu kimebadilika. Wiki iliyofuata aliporudi kurudia ukaguzi, nilifundisha somo la mvua na mto. Nilisema kwa mdomo, na watoto waliponikodolea macho nikatumia mikono: mvua, mto, mto unajaa. Darasa zima liliamka. Kuldip alisimama kuniongezea kwamba mto ulijaa kwao ukachukua mkokoteni. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kwamba mimi ni mwalimu wa watoto wale.

Kwenye daftari jeusi aliandika: Alitumia mikono. Hajafaulu somo hili.

Nilimfuata nje, karibu kumkimbilia. "Lakini wewe mwenyewe," nikasema, "juzi barazani, wewe mwenyewe..."

"Msiba si somo," akanijibu, akiendelea kutembea.

"Uliongea naye saa nzima!"

"Mtoto akifiwa, mimi ni mtu. Darasani mimi ni msimamizi." Akasimama. "Watoto hawa wakitoka kwenye lango lile, Salome, karani wa posta anajua mikono? Dereva wa basi? Daktari? Wewe unawafundisha wafurahi leo. Mimi nimetumwa niwafundishe waishi huko."

"Na huko wataishije bila mtu wa kuongea nao?"

Alitazama upande wa mlima Menengai kama mtu anayesubiri kuitwa, kisha akaondoka.

Nilirudia muhula mzima wa mazoezi. Otieno na Wambui walipata vyeti vyao nikiwa ningali katika zizi lile la farasi, na nilipopata changu sikukionyesha mtu. Mara hiyo sikutumia mikono hata mara moja. Nilifaulu vizuri. Kipngeno alikuwa amerudi baada ya matanga, na niliposema mbele yake "ma" alitazama sakafu.

Tulitawanyika. Otieno alifundisha mwaka mmoja akaacha, akapata kazi benki. Wambui alipewa kitengo cha viziwi katika shule moja ya msingi akakiendesha kwa kufuata kila tulichofunzwa, na wazazi walimpenda. Mimi nilipelekwa shule nyingine, mbali na Nakuru, nikafundisha miaka sita kwa vioo na karatasi. Niliwalaumu waliotufundisha kila siku, na kila siku nilishika chaki mkono mmoja na kitabu mkono wa pili.

Kisha barua ya chuo ikatufikia sote tuliomaliza. Walitaka maoni yetu. Je, mafunzo yalikufaa? Je, mazoezi yalikutayarisha kwa kazi? Eleza. Otieno alinipigia simu shuleni akasema yeye amejaza kwa neno moja, "Hapana," na kuitia posta. Wambui alijaza kurasa za shukrani, na najua hakusema uongo. Mimi nilikaa na fomu wiki tatu. Kila nilipoandika kuhusu mazoezi nilikuwa naandika juu ya mtu mmoja, na sikujua niandike lipi juu yake. Mwishoni nilichukua basi kwenda Nakuru kumtafuta.

Alikuwa amestaafu. Niliambiwa amepanga Rhonda, kando ya mji, ambayo wakati huo ilikuwa bado nusu ni mahindi, nyumba za mbao na mabati zikijitokeza kila wiki. Nilimkuta uani akianua nguo, amezeeka, mwembamba. Alinitambua mara moja.

"Salome wa mikono," alisema.

Nilikuwa nimepanga kuanza polepole, lakini nikamwonyesha fomu hapo hapo kwenye kamba ya nguo. "Nataka kuandika kwamba ulikosea," nikasema.

Aliisoma yote, akaipindua aone kama kuna nyuma. "Andika," alisema. "Lakini andika sawasawa. Usiandike kwamba sikujua. Nilijua tangu mwaka wangu wa pili pale. Likizo, nikibaki na wale wasiochukuliwa, nani alikuwa mwalimu? Wao. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi mle ndani. Walinifundisha kila kitu kwa mikono yao, na shule zikifunguliwa niliwaambia waikalie."

"Kwa nini?"

"Waliotufundisha sisi walisema hivyo. Wakaguzi walidai hivyo. Wazazi walitaka maneno, umesahau yule Kalasinga? Ningesimama peke yangu ningeondolewa, na angeletwa mtu ambaye hawezi hata kumpa mtoto habari za msiba. Hivyo ndivyo nilivyojiambia." Alikunja shuka, akaikunja tena. "Pengine ilikuwa kweli. Pengine niliogopa tu. Miaka ikipita huwezi kutenganisha. Kipngeno aliacha shule, unajua? Nilikwenda mpaka Keringet kumfuata. Alikataa kurudi."

Sikujua. Nilisema nilidhani nitamkuta akijitetea.

"Na wewe?" akaniuliza. "Sasa hakuna anayekukagua. Unafundisha vipi?"

Ndipo mwanamke mmoja alipoingia uani na fulana za sufu begani, jirani yake, mfumaji wa sweta. Alimgusa msimamizi mkono, na wakaanza kuongea kwa mikono, wazi, juani, watu wakipita njiani. Ishara zake hazikuwa za shule yetu, na zilikwenda kasi mno. Nilikamata "leo", nikakamata "nani", basi. Nilisimama na cheti changu cha ualimu wa viziwi kama mgeni asiye na lugha.

"Anauliza wewe ni nani," msimamizi aliniambia. "Nimemwambia wewe ni mwalimu wa viziwi."

Yule mwanamke alinitazama kwa furaha, akanigeukia mimi, akaniambia jambo refu. Akangoja. Nikatabasamu. Akamgeukia msimamizi na kuuliza kwa ishara mbili fupi.

"Anasema nini?"

"Anauliza, mbona basi haongei?"

"Mwambie..."

"Mwambie mwenyewe."

Niliiweka fomu juu ya mawe ya kufulia, nikainua mikono. Nilitaka kusema kwamba ninajifunza. Sijui nilisema nini, kwa sababu yule mwanamke alicheka, cheko la wema, akatua sweta zake chini. Alinishika kidole cha shahada, akakinyoosha, akakirudisha mahali pake, na akanionyesha upya.